Taa ya Oili ya Mama Josepha

Nitamsema Sixbert, lakini kwanza nimpe haki yake. Hapa Gongoni hakuna fundi umeme aliyeijua dashibodi kama yeye. Wenzake taa ikisumbua hukimbilia kubadilisha balbu. Yeye alianza na fyuzi, akaja kwenye eathi, kisha akaufuata waya kwa testa mpaka aone panya walipoutafuna. Wateja walimwita daktari, naye jina hilo lilimpendeza kupita kiasi. Mimi kibanda changu cha kunyoosha bodi kiko pembeni yake, kwa hiyo haya nimeyaona mwenyewe.

Siku moja Erasmus, dalali wa magari, alileta gari dogo jeupe. Injini ikipata moto, taa nyekundu ya oili inawaka. Sixbert akabadilisha swichi ya oili, taa ikabaki palepale. Akafunga geji ya presha ya oili, mshale ukalala chini.

"Taa haina kosa," akasema. "Pampu ya oili imechoka. Injini ifunguliwe."

"Bwana wee, nina mteja keshokutwa. Izime tu."

Kukata waya kusingesaidia. Mnunuzi wa Tabora si mjinga: anafungua swichi ya ufunguo kwanza aone taa zote zinawaka, ndipo anapiga stata aone zinazima. Basi Sixbert akaitoa taa ya oili kwenye waya wake, akaiunga na taa ya chaji. Zikawaka pamoja, zikazima pamoja, hata oili isipopanda. Nilicheka, nikamwambia ana mikono ya shetani. Kicheko kile kinaniuma mpaka leo.

Mteja alikuwa Mama Josepha wa Ntalikwa, mkunga mstaafu ambaye wanawake bado walimfuata nyumbani kujifungua. Watoto wawili wa Sixbert aliwapokea yeye. Naye, kwa kuwa hakumwamini fundi mwingine, kabla ya kulipa alilileta gari kwa Sixbert likaguliwe.

"Nitazamie, mwanangu. Nataka niwapeleke nalo wajawazito hospitali. Halitaniacha njiani?"

Sisi mafundi tuna mwiko wetu, wa kijinga: humtilii mwenzako, hata dalali, mchanga kwenye kitumbua chake. Sixbert akafungua swichi, taa zikawaka. Akapiga stata, zikazima.

"Unaona mwenyewe, mama. Taa zote ziko sawa."

Miezi minne baadaye Mama Josepha alikuwa anakwenda Choma kuzika, amepakia kina mama wa jumuiya. Kabla ya kufika Igunga injini ikanoki. Gari likarudi likivutwa. Fundi wa injini akaifungua, akakuta vyuma vimesagana kwa kukosa oili. Valentino, mwana wa Mama Josepha, mwalimu, alimuuliza mama yake mbele yetu sote.

"Taa ilikuwa inawaka, mama, ukaendelea tu?"

"Sikuiona."

"Nyekundu vile, iko mbele ya macho yako?"

Mama akamgeukia Sixbert. "Baba, wewe ndiye unayejua. Inawezekana iliwaka nisiione?"

Sixbert alikuwa ameshika testa mkononi. Aliizungusha, akaizungusha tena. "Inawezekana, mama. Jua likipiga kwenye kioo, taa haionekani vizuri."

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale, nyundo mkononi, na nikaendelea kugonga bati. Mama Josepha alimkabidhi mwanawe ufunguo, akapanda bodaboda kurudi kwake.

Tangu hapo Sixbert aliharibika. Alimfukuza Erasmus kwa matusi, akawa anakaripia wateja wasio na hatia. Nikimwambia nenda kamwambie ukweli, ananijibu gari lenyewe limeshauzwa vipande vipande, ukweli utafufua nini? Hivyo ikapita miaka miwili. Kwaresima hii alikuja kibandani kwangu asubuhi, hata chai hajanywa, akasema, "Nipeleke Ntalikwa." Nikawasha pikipiki.

Tulimkuta mama anabangua karanga uani. Sixbert alikataa kigoda, akasimulia akiwa amesimama: pampu, geji, waya wa chaji, na siku ile mbele ya Valentino. Alitegemea atukanwe. Mimi pia nilitegemea, na ningefurahi.

"Kwa hiyo taa haikuwaka," mama akasema.

"Isingeweza kuwaka, mama. Mimi ndiye niliyeizima."

Aliweka ungo chini. Akatuambia kwamba tangu siku ile ya gereji aliacha kupokea wazazi. Wanawake waliendelea kumgongea, akawa anawarudisha. Macho yanayopitwa na taa nyekundu, alijiambia, yatapitwa na damu pia. Masika yaliyopita alikuja Hafsa, binti wa jirani, uchungu umeshamshika, mvua inanyesha. Mama hakumgusa. Alimwitia bodaboda impeleke hospitali.

"Alijifungulia njiani, kwenye tope," akasema. "Kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni; hakupona. Nimevitoa vitovu vya namna hiyo mara nyingi sana, Sixbert. Wa kwako wa pili alikuwa hivyohivyo."

Sixbert alipiga magoti kwenye maganda ya karanga, akaanza kuomba msamaha. Sidhani kama mama alimsikia. Alikuwa ameinua mikono yake miwili mbele ya uso, anaitazama kidole kwa kidole.

"Kumbe nilikuwa naona," akasema.