Moto Ambao Sikupaswa Kuutazama

Jana jirani alikuwa akichomelea geti, na harufu ya chuma kilichoungua ikanifikia jikoni. Niliacha sufuria motoni, nikasimama tu.

Mama alipofariki, baba yangu, niliyemwita Tata, aliihamisha mashine yake ya kuchomelea kutoka sokoni Keumbu akaileta nyumbani, ili nisishinde peke yangu. Kila asubuhi alifyeka nyasi kavu, akaweka ndoo ya mchanga karibu, akabana waya wa mashine kwenye chuma. Kisha aliniambia, "Kaa kule kwenye migomba, mwanangu. Mashine ikinguruma, nipe mgongo."

Nilimpa mgongo siku nyingi. Lakini tangu mazishi Tata hakuwa mtu wa maneno, na akivaa kile kinyago cheusi cha kazi, hata uso wake ulipotea. Siku moja niligeuka kumtafuta. Nikauona moto, mweupe kuliko jua.

Jioni macho yaliniwasha kama yaliyotiwa pilipili. Tata alikata viazi vibichi, akaniwekea juu ya macho, akafunga kitambaa.

"Nilikukataza. Kwa nini uliangalia?"

"Nilikuwa nakuangalia wewe, Tata."

Alinishika mkono.

Macho yalipopona, nilimkuta akiifunga mashine kwenye mkokoteni wa ng'ombe, airudishe Keumbu.

"Hapa utaumia," alisema.

Nilimtazama mpaka akapotea nyuma ya shamba la chai. Kisha nikaingia ndani, nikaketi peke yangu.