Kovu la Hina Begani mwa Bi Mwanamkasi

Bi Mwanamkasi wa Mabawa aliuza kanga tangu ujana wake, na hapakuwa na mlango wa mtaa ule ambao hakuupigia hodi. Siku alipopata habari kwamba yeye na mumewe, Mzee Miraji, wamo katika msafara wa Hija, alicheka tangu adhuhuri hadi magharibi. Kila alipojaribu kunyamaza kicheko kilimpanda upya, akawa anawakunjulia wateja doti za kanga huku akijifuta machozi.

Furaha hiyo ilikuwa na mwiba mmoja. Mwaka uliotangulia homa ya mafua ilimwangusha Mzee Miraji, mwenye pumu ya miaka mingi, akalazwa akipumua kwa msaada wa mashine. Sasa alikuwa anakwenda kusongamana na umati wa dunia nzima. Zahanati ya mtaa iliwaandalia chanjo za safari, naye akazikubali zote. Lakini ilipofika ya mafua, alishusha mkono wa kanzu.

"Mchome huyu kwanza," alimwambia muuguzi, akimwonyesha mkewe. "Ikimshika, nami nitarudi."

Utotoni mwao chanjo ya ndui iliacha kovu begani, na mtoto asiyepata kovu alirudishwa kuchanjwa tena, kwa kuwa haikushika. Basi kila asubuhi, baada ya sala, Mzee Miraji alivaa miwani na kulikagua bega la mkewe kama mnunuzi atafutaye kasoro katika kanga.

"Laini kama yai," alisema. "Haikushika."

"Chanjo hii haiachi kovu, Baba Yasini," mkewe alimjibu.

"Chanjo isiyo na kovu ni chai isiyo na majani."

Najat, dada yake Mzee Miraji, alikuwa amekuja kuazima mbuzi ya nazi, na hakuiacha nafasi ipite. "Labda wamekutia maji ya dafu, wifi. Ndiyo maana umenawiri."

Kana kwamba hayo hayakutosha, siku zile zile Bi Mwanamkasi alishikwa na chafya zilizotikisa vikombe kabatini. Mumewe alimtazama kwa utulivu wa hakimu aliyekwisha kuandika hukumu.

Jioni moja Bi Mwanamkasi alikuwa akimkorogea mumewe hina ya ndevu kwa mafuta ya mkaratusi, kama ilivyokuwa desturi yao kila Alhamisi, mara macho yake yakatua bakulini. Alichovya njiti ya kiberiti, akajitia doa begani na kulizungushia duara. Alikusudia kovu hafifu, la heshima. Lakini hina haijui uhafifu. Kulipokucha ilikuwa imekolea, nyekundu kama ya bibi harusi.

Mzee Miraji aliinama, akatazama, kisha akanusa.

"Kovu hili linanukia mkaratusi."

"Dawa za siku hizi, mume wangu."

"Na ndevu zangu zinanukia hivyo hivyo." Akazishika, akazisogeza karibu na lile bega. Rangi ilikuwa moja.

Walicheka hadi wakaketi jamvini. Mzee alicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikageuka mluzi kifuani. Bi Mwanamkasi alikimbilia pampu yake ya pumu. Pumzi iliporudi, hakuna aliyekuwa akicheka.

"Hiki ndicho ninachokiogopa," alisema mke. "Kovu silihitaji. Nakuhitaji wewe urudi nami."

Mzee akainuka. "Twende kwa muuguzi."

Muuguzi Devota, binti wa kutoka milima ya Amani asiyepamba maneno, aliwaamkia shikamoo, akaliona lile doa, akauma mdomo.

"Bibi, sare ya harusi huichagua lini?"

"Miezi mingi kabla."

"Na upande wa pili wakibadili rangi dakika za mwisho?"

"Twaaibika kidogo. Lakini kwa mbali bado twafanana."

"Ndivyo ilivyo. Kirusi cha mafua hubadili vazi mara kwa mara, na wataalamu hulazimika kuikata chanjo, kama sare, miezi kabla ya msimu. Wakilenga vizuri, hatari ya kuugua hupungua kwa karibu nusu. Wakikosea, hupungua kwa kiasi kidogo zaidi. Tena miili haifanani: mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Ya wazee huipokea chanjo kwa unyonge kuliko ya vijana."

"Na chafya zake?" aliuliza mzee.

"Kinga huchukua kama wiki mbili kukomaa. Isitoshe, kuna virusi vingi vya chafya ambavyo chanjo hii haivihusu. Sindano haikumletea mafua, babu."

"Kwa hiyo naweza kuchomwa na bado nikaugua."

"Unaweza. Ila aliyechanjwa, hata akiugua, mara nyingi haugui vibaya hivyo. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi."

Ahadi kubwa kubwa Mzee Miraji alikwisha kuzisikia nyingi maishani. Hii ndogo ilimkaa rohoni. Akamtazama mkewe, aliyeifunga pampu katika pindo la kanga yake na kuishika kwa mikono miwili. Kisha akatoa mkono wa kulia kwenye kanzu.

"Nichome huu. Katika tawafu, tukiizunguka Kaaba, bega la kulia ndilo linalokaa wazi."

"Babu, haitaonekana alama yoyote."

"Najua, mwanangu. Alama nitatiwa nyumbani, fundi ninaye."

Bi Mwanamkasi alianza kucheka, chafya ikamkatiza, akaendelea kucheka.