Wimbo Usio na Pumzi

Tarehe kumi na nne Machi, Bwana Sauti alitumia saa tatu za asubuhi kutafuta wimbo asiupate, nusu dakika ya adhuhuri kuupata kwenye simu ya shemeji yake, na saa mbili za jioni kuunakili kwa mwandiko wake, ili ufanane na kitu kilichotolewa jasho.

Alikuwa fundi wa kola katika kiwanda cha mashati, na kiongozi na mtunzi pekee wa kwaya ya kiwanda tangu ilipoanzishwa. Nyimbo zake zote alizitunga akikanyaga cherehani. Mshono ulipofika mwisho, wimbo nao ulivuta pumzi, naye akaweka alama ya chaki papo hapo kwenye karatasi, waimbaji wajue pa kupumua. Wenye midomo walisema ni wimbo uleule, hubadilishwa kola tu. Mpiga pasi, aliyeumezea mate uongozi wa kwaya kwa muda mrefu, alikuwa ameapa kwamba pasipopatikana kitu kipya kwa ajili ya mashindano ya viwanda, kura itapigwa. Ndipo Bwana Sauti alipoiagiza programu ya akili mnemba imtungie wimbo ambao haujapata kusikika duniani. Ikatii bila hata kuomba chai.

Mazoezini, kabla ubeti wa kwanza haujafika katikati, macho yalikuwa yamewatoka waimbaji.

"Kaka, tunapumua wapi?" aliuliza mpiga pasi.

"Sanaa ya kisasa haipumui ovyo."

"Haya. Na majeneza yawe ya kisasa."

Kicheko kilipopoa, mkewe Bwana Sauti, mshona vifungo na kiongozi wa sauti ya pili, aliinua karatasi kwenye mwanga. "Baba watoto, chaki iko wapi?"

"Imekwisha."

"Mfuko wako umejaa chaki. Wimbo huu hukuukanyagia cherehani. Nani kautunga?"

Njia ya mwongo ni fupi, lakini Bwana Sauti aliamua kuipita mbio. "Ni wangu, kila noti! Na siku ya mashindano asipumue mtu mpaka mwisho."

Siku hiyo walitii, kwa bahati mbaya. Kufika ubeti wa pili safu ya mbele iliyumba kama nguo kwenye kamba. Mkewe akainua mkono, akavuta pumzi iliyosikika hadi mlangoni. Kwaya nzima ikavuta naye. Akafanya hivyo kila mstari, hadi mwisho.

Jaji mkuu alisimama, amelowa machozi. "Pumzi zile! Ndiyo roho ya utunzi wenyewe. Mtunzi, ulizipataje?"

Bwana Sauti alimtazama mkewe, ambaye bado alikuwa ameshika kifua.

"Pumzi ni za mke wangu," alisema. "Yaliyobaki ni ya simu."

Ukumbi ulicheka kuliko ulivyopiga makofi.

Mwaka mmoja baadaye kura ilipigwa, na mpiga pasi akapata moja, ya kwake. Kiongozi ni mshona vifungo. Bwana Sauti huimba safu ya nyuma, na hakuna wimbo unaopokelewa, uwe wa mtu au wa mashine, kabla hajaukanyagia cherehani na kuutia chaki.