Bambu ya Betroli

Sajini aliniambia niende na mtoto. Hilo ndilo linaloniandikisha haya. Mengine yote nayaweka hapa ili lieleweke, kwa sababu kila nikilisimulia watu hukimbilia kucheka ile sehemu ya neno. Haya, chekeni. Mimi nitacheka siku nikipoa.

Mwanangu alikuwa na miezi saba na kifua kilikuwa kimembana. Kila akivuta pumzi, ngozi ya katikati ya mbavu ilizama ndani, na tangu jana yake alikuwa amekataa ziwa. Mhudumu wa zahanati pale Modogashe alimwekea sikio mgongoni, akasema dawa ya hiyo hana, mpeleke Garissa, na mpeleke leo. Leo maana yake ni msafara wa asubuhi ile. Wakati wa vita vya shifta, wale waasi wa msituni, gari halikuruhusiwa kutembea peke yake. Magari yalikusanyika kwenye geti la jeshi, yakaondoka na askari mbele na askari nyuma, na aliyeachwa ameachwa. Msafara mwingine ungetoka siku watakayotaka wao.

Baba yake mtoto alikuwa kizuizini. Kosa lake ni kuwafuata ngamia wake nje ya eneo tulilofungiwa kama mbuzi. Kwa hiyo wa kutupeleka alikuwa abti, kaka yake mama. Kwetu neno hilo huenda na kurudi: mimi namwita abti, naye ananiita abti.

Lori lake lilikuwa kuukuu la petroli, watu wengine walikwisha kulitumia wakalichoka. Pampu ambayo lori lilizaliwa nayo ilikufa zamani, na fundi mmoja wa Isiolo akamfungia ya umeme, chini, nyuma ya chumba cha dereva. Pampu ya aina hiyo ina mdomo. Ukiwasha swichi inagonga ta-ta-ta-ta upesi upesi, kabureta ikishajaa inapunguza, halafu inanyamaza. Asubuhi ile haikunyamaza. Injini iliwaka kwa kukohoa, na pampu bado inagonga. Abti akasema imemeza hewa mahali fulani, ataitazama tukifika Garissa. Nikamwambia itazame sasa. Akasema tukiitazama sasa msafara utatuacha. Alisema kweli, na mimi nilisema kweli, tukaondoka hivyo hivyo.

Tulifika getini, injini ikakohoa mara mbili ikafa. Swichi ilikuwa bado imewashwa. Palikuwa kimya, na ndani ya kile kimya chini ya lori kitu kinagonga ta-ta-ta-ta. Askari aliyekuwa anatujia akasimama. Akauliza ni nini hicho kinachogonga. Abti akatoa kichwa dirishani, akasema kwa upole kabisa:

"Bambu tu, bwana. Bambu ya betroli."

Wasomali wengi hawana P mdomoni. Mimi mwenyewe shuleni nilichekwa mpaka nikajifunza kwa kushika kipande cha karatasi mbele ya midomo: kikirukaruka, umeipata. Abti hakwenda shule, wala hakuwahi kuhitaji karatasi. Yeye alisema pampu. Askari alisikia bomu.

Sisemi walikuwa hawana sababu ya kuogopa. Mwaka ule mabomu yalikuwa yanafukiwa barabarani, na walikuwa wamezika wenzao. Lakini nauliza, na nitauliza mpaka nife: ni nani abebaye bomu akafika nalo kwenye geti la jeshi, akaulizwa, akajibu "bomu tu, bwana"?

Tulitolewa sote. Abti alivutwa kwa ukosi wa shati akalazwa kifudifudi, na alipoanza kunieleza jambo kwa Kisomali askari mmoja akamkanyaga mgongoni, akamwita kwa lile neno walilotuitia Wasomali wote.

"Warya! Hapa ni Kiswahili."

Sajini alikuja. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya taratibu, na ile taratibu yake ndiyo siwezi kuisamehe. Alinisikia nikisema abti, niachie abti, akauliza huyo abti ni nani.

"Mjomba wangu, afande."

"Na yeye anakuitaje?"

"Abti."

"Kumbe nyinyi wote ni abti." Akawageukia vijana wake. "Mmeona? Hata majina wanaazimana, ili usijue umemshika nani."

Wakacheka. Nikamwambia afande, ni pampu. Pa. Pampu ya petroli, inavuta hewa, mruhusu mzee azime swichi utaisikia inanyamaza. Akasema hakuna atakayegusa swichi, pengine swichi ndiyo ya kulilipua. Akanitazama toka juu mpaka chini.

"Wewe umesoma."

"Nimesoma."

"Basi nenda uinyamazishe, bila kugusa swichi. Kama ni pampu."

Nikamfungua mtoto mgongoni nimpe mama mmoja aliyesafiri nasi. Sajini akaweka mkono wake katikati.

"Na mtoto. Nenda na mtoto. Hapo ndipo tutajua kama unaamini unachosema."

Walirudi nyuma ya magunia ya mchanga. Wote. Wanaume wenye kofia za chuma walijificha nyuma ya magunia wakaniangalia nikitembea kwenda kwenye lori na mtoto asiyeweza kupumua. Nilijua hakuna bomu. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Na bado nilitembea nikihesabu hatua, na hilo nalo ninamdai yeye.

Abti, akiwa amelala na mavumbi mdomoni, alianza kunielekeza kwa sauti, kwa Kiswahili, kama tulivyoamriwa.

"Abti, bima tangi kwanza. Na kijiti."

Nilitumbukiza kijiti, kikatoka kimelowa hadi nusu. Nikamwambia iko.

"Basi haina njaa. Sasa fungua baibu huku kwa kabureta. Angalia kama inatema."

Nilichukua spana chini ya kiti, nikalegeza ule mrija, nikaukinga kwa kikombe. Petroli iliruka kila pampu ilipogonga, lakini ilitoka nyeupe, imejaa povu kama maziwa ya ngamia yaliyokamuliwa sasa hivi. Nikampigia kelele kwamba ina povu.

"Bofu ni hewa," akasema. "Bambu ni nzima. Hewa inaingia nyuma yake, huko kwa tangi. Fuata baibu kwa mkono."

Nilirudisha mrija, nikaukaza. Sikuweza kuingia chini ya lori na mtoto mgongoni, nikamleta kifuani, nikalala ubavu, nikajiburuta. Huko chini nilikuwa nasikia vitu viwili tu: ile pampu inavyogonga, na yeye anavyovuta. Nilipapasa mrija toka kwenye pampu kurudi nyuma, chuma, chuma, chuma, mpaka karibu na tangi ambapo mafundi huunganisha kwa kipande cha mpira. Hapo vidole vyangu vilikuta unyevu. Mpira ulikuwa na tundu moja dogo, safi, kama tundu la hereni. Nikaliziba kwa kidole gumba.

Pampu ikapunguza. Ta. Ta. Ikagonga mara moja zaidi, kama mtu anayemalizia ubishi, ikanyamaza.

Mpira uliozeeka hupasuka nyufa nyingi nyembamba. Jiwe huchubua. Tundu lile lilikuwa limechomwa. Na nikakumbuka: jioni iliyotangulia abti aliporudi kutoka Wajir, walimpekua kwenye geti hilohilo, na askari mmoja aliingiza fimbo ya chuma chini ya lori akachoma huku na huku akitafuta bunduki. Bunduki hakupata. Kelele iliyowafanya wajifiche nyuma ya magunia walikuwa wameitengeneza wenyewe.

Nilijiambia nifunge mdomo, msafara bado uko. Mdomo haukufungika. Sajini aliponijia, nikamwambia toka kule chini:

"Hili tundu ni lenu, afande. Mmelichoma jana."

Aliinama, akatazama, akainuka.

"Mpira umezeeka," akasema. "Fungeni haraka."

Ndiyo tu. Hakusema pole, hakumtazama mtoto, na abti aliinuka mwenyewe akijifuta damu mdomoni. Nilikuwa na kipande cha sabuni ya kufulia nguo za mtoto. Petroli haiyeyushi sabuni. Nililisiliba tundu, nikalizungushia utepe niliouchana kwenye mtandio wangu. Abti aliingia chini, akakaza fundo langu, akatoka, akawasha. Ta-ta-ta, kimya. Injini ikaitika.

Sajini akatuweka mwisho wa msafara. Mchana kutwa tulikula vumbi la kila gari lililokuwa mbele yetu, na mtoto mwenye kifua. Nililowesha kitambaa nikamfunika uso, kikawa tope, nikakilowesha tena mpaka maji ya kunywa yakaisha. Mara moja, nilipokuwa simsikii mtoto kwa sababu ya mtikisiko, abti alizima injini bila kuulizwa, tukasikiliza wote wawili, akawasha tena.

Hospitali ya Garissa walimchukua mikononi mwangu kabla sijamaliza kueleza. Walimchoma sindano, wakamchoma nyingine. Magharibi ilikuwa imeingia alipogeuza kichwa akatafuta ziwa. Alinyonya kwa nguvu mpaka nikaumia, na hapo ndipo nilipolia, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Muuguzi akanishika bega, akasema alhamdulillahi, furaha nayo hutoa machozi. Sikumkatalia. Mungu nilikwisha kumshukuru. Hayo machozi yalikuwa ya hasira yangu kwa sajini.