Wageni Wasimame

Hasira za Mama Marthe zilianza Jumapili ile ya mwaka 2017, Benita alipokalishwa nyuma ya spika.

Benita alikuwa binti aliyetoka Uvira, Kongo, majuzi tu, mpole, kumtoa neno ni kazi. Wa kwanza kumchekesha hapa Johannesburg alikuwa Gaëlle, msusi wa mtaa wa La Rochelle, ambaye Mama Marthe ni shangazi yake. Jumamosi akimaliza vichwa vya wateja, Gaëlle hubeba ubao wake wa magurudumu manne akaenda Newtown, wanakokutana wacheza ubao. Wenzake huruka ngazi kutafuta sifa. Yeye hufunga kitenge juu ya suruali akacheza rumba juu ya ubao unaokimbia, kiuno huku, magurudumu kule, kisha akarudi kinyumenyume ameinama kama anayeokota sindano. Mama Marthe alikwenda kumkemea, akajikuta anapiga vigelegele.

Tena Gaëlle aliweka desturi: mgeni akifika, hakuna anayepanda ubao kabla yake. Hushikwa mikono, husukumwa taratibu, na akianguka wote hugonga mbao zao chini, ko-ko-ko!

"Sasa mnashangilia mtu kuanguka?" Mama Marthe aliuliza.

"Tantine, amethubutu. Kusimama atajifunza."

Benita alianguka, akagongewa, akacheka mpaka machozi. Kesho yake akawafuata kanisani, ghorofani kwenye jengo kuukuu la mjini.

Huko nako kuna desturi. "Wageni wasimame, tuwaone, tuwapigie makofi!" Benita akasimama, suruali imechanika, goti limechubuka. Shemasi Emery akampima kwa macho.

"Wewe keti, huko nyuma ya spika. Utasimama siku utakayovaa kama binti wa kanisani. Na wewe Gaëlle, wahuni wako waache barabarani."

Makofi wakapigiwa wengine.

Jamani! Siku hiyo Mama Marthe alirudi nyumbani akaingia jikoni. Anaosha sufuria, anagombana nayo. Mtoto huyu juzi tu amefukuzwa dukani mjini kwa sababu ni mgeni, halafu nyumbani mwa Mungu anaambiwa hata huo ugeni hajaustahili? Na wale wanaoitwa wahuni ndio wanaojua kumpokea mtu! "Bwana nisamehe," akasema, "lakini kunyamaza siwezi."

Jumapili iliyofuata Benita aligoma kuingia. Alibaki mlangoni na Gaëlle.

"Wageni wasimame!"

Mama Marthe, aliyeishonea kwaya nzima sare zake, akasimama.

"Eish, mama, keti," Shemasi Emery akasema. "Wewe ni wa hapa."

"Mimi? Kanisa linalochagua wageni silijui. Naitwa Marthe, natoka La Rochelle. Nipigieni makofi, au nipelekeni nyuma ya spika mlikomkalisha yule mtoto."

 Mpiga kinanda akaondoa vidole. Kisha kutoka mlangoni, ubao ukagonga sakafu: ko-ko-ko.

"Njoo, binti yangu," Mama Marthe akanyoosha mkono. "Sema jina lako."

Benita akaja, na suruali yake ileile. "Benita," akasema, kwa sauti ndogo. Akina mama wa kwaya wakapiga makofi, kisha kanisa lote.

Shemasi mikono yake ilibaki mfukoni. Mama Marthe aliiona, na hajamaliza naye.