Mchanga wa Mbele ya Nyumba

Kati ya mlango wa mama na Ziwa Tanganyika palikuwa na mchanga, na mchanga ule ndio uliotulea. Mama hakuwa na shamba wala duka. Alikuwa na kipande hicho cha ufuo wa Rumonge, cheupe, chenye mteremko mdogo, ambapo kila asubuhi alianika ndagala aliowanunua kwa wavuvi waliokuwa wanarudi na taa zao zimezimwa. Aliwamwaga samaki wale wadogo, akapiga magoti, akawatandaza kwa viganja mpaka pasiwe na hata mmoja aliyelala juu ya mwenzake. Adhuhuri aliwageuza. Alasiri walikuwa wakavu, ukiwashika wanalia kama majani ya kiangazi, na mama mwenyewe alinuka jua na samaki. Sasa ninaishi Bujumbura, ninaandika. Harufu hiyo ikinijia kutoka jiko la jirani, kalamu inasimama yenyewe.

Ziwa lilipoanza kupanda halikuja kwa kishindo. Lilikuja kama mgeni anayesogeza kiti chake kidogo kidogo karibu na sahani yako. Kwanza lilichukua matete yaliyobaki. Mengi tulikuwa tumeshayakata wenyewe, ili mchanga uwe mpana na boti zipate pa kulala. Kisha likafika kwenye michikichi ya upande wa Kigwena, miti ikasimama ndani ya maji, makuti yakageuka manjano kuanzia yale ya chini. Hatukuogopa. Kila nyumba ya ufuoni ilikuwa na habari moja, tuliyoirithi kwa bibi zetu: ziwa liliwahi kuja hivi zamani, likalala barazani kwa watu, halafu likarudi kwao. Kazi yetu ilikuwa kulisubiri lichoke.

Katika kusubiri, watu wakajenga kuta za magunia, na mama akajenga wake. Mbalamwezi ikiwa kali ndagala hawafuati taa, boti hazitoki, wanawake wa ufuoni hawana cha kuanika. Siku hizo ndizo tulizojazia magunia. Yalikuwa magunia yaliyowahi kubeba chikichi, bado yana madoa mekundu ya mawese. Mchanga wa kuyajaza tuliuchota palipokuwa karibu, pale pale mbele ya nyumba. Nani angeenda kutafuta mchanga mbali, na yeye amezaliwa juu yake?

Jirani yetu alikuwa mvuvi kutoka Uvira, ng'ambo, upande wa Kongo, aliyekuja na mtumbwi wake na kupanga chumba nyuma ya kwetu. Alimwita mama dada mukubwa, ingawa nadhani walilingana umri. Siku moja alisimama ameegemea kasia, akalitazama shimo tulilochimba, akautazama ukuta.

"Dada mukubwa," alisema, "ziwa haina miguu. Ni sisi tunaitengenezea ngazi."

"Unaongea sababu hauna nyumba," mama alimjibu bila kuinua uso. "Shika gunia."

"Niko na nyumba Uvira."

"Iko wapi sasa hiyo nyumba?"

"Iko mu maji." Akacheka, akalaza kasia chini, akashika gunia.

Ukuta ulipanda. Ulikuwa mzuri, lazima niseme. Mama aliyapanga magunia kama fundi anavyopanga matofali, kila kiungo kikifunikwa na gunia la juu, na watu wa mitaa mingine walikuja kuutazama na kuiga. Lakini kadiri ukuta ulivyopanda, ufuo ulishuka. Mahali pa kuanika palikonda pakawa njia nyembamba chini ya ukuta, halafu pakawa dimbwi. Mama akatandika mikeka uani akaanika huko. Ndagala wa mkeka walikauka vibaya, matumbo yao yakabaki laini, na wateja wake wa zamani wakawa wanawanusa mara mbili kabla ya kuchagua. Alisema ni kwa muda tu.

Mvua za masika zikaja na upepo. Mama akanipigia simu Bujumbura, nilikokuwa nimeshahamia. "Njoo, maji iko mu nyumba," alisema, kwa sauti ya mtu anayekuarifu kwamba ndugu amefika kutoka safari.

Nilipofika niliukuta ukuta umesimama. Hakuna gunia hata moja lililoanguka. Maji hayakuupanda, yalikaa kwenye shimo tulilochimba, yakajaa hapo, yakapita chini ya msingi, yakachipuka kwenye sakafu ya chumba cha kulala. Mama alikuwa amesimama katikati ya chumba, amefunga kanga juu ya magoti, maji yanamfika kwenye muundi. Jirani alikuwa anapandisha godoro juu ya meza. Karibu na mguu wa kitanda kundi dogo la samaki lilikuwa linageuka pamoja, huku na huku, kama lililopotea njia.

"Dada, sasa hata kununua hautanunua tena," jirani alisema. "Wanakufuata mu chumba."

Mama alicheka sana. Nilitamani asingecheka.

Nilimwambia tuondoke. Kaka yake, mjomba wetu mkulima, alikuwa ameshatuma ujumbe kutoka milimani Bugarama kwamba kiwanja kipo, apande tu mlima.

"Itarudi," mama alisema.

"Mama, hairudi leo wala kesho."

"Nani amekuambia? Siku hizi mukiwa Bujumbura ndio munapanga safari za ziwa?"

Hapo nikakasirika. Nilisema neno baya juu ya ziwa, neno ambalo mtu hulisema juu ya mwizi. Mama akanigeukia.

"Nyamaza. Hayo meno unatukania, yameota kwa ndagala."

Jirani alijifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Asubuhi iliyofuata upepo ulikuwa umetulia. Mama alitoka nje, akapita pembeni mwa ukuta, akaingia ziwani na nguo zake. Nilidhani anakwenda kuosha sufuria. Hakuwa na sufuria. Alikuwa anakwenda mahali alipoanikia, akitembea polepole, akipapasa kwa mguu kabla ya kukanyaga, na nikaelewa kwamba anautafuta mchanga wake. Alitaka kujua kama bado upo chini, kama siku moja maji yakirudi atapiga magoti pale pale. Hatua chache tu kutoka kwenye ukuta maji yalimfika kifuani. Alinyoosha mguu mbele. Mguu haukupata kitu. Jirani aliruka akamshika mkono, akamvuta, na mama akasimama akihema, macho yake yakienda kwenye ukuta, gunia kwa gunia, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Tuliuchimba," alisema.

Akaenda kubadilisha nguo. Kisha akatuambia mimi na jirani, kwa sauti yake ya kila siku, "Toeni mabati kabla kuta za nyumba hazijalainika."

Tulitoa mabati, tukatoa mbao, milango na madirisha. Jua likaingia chumbani likaangaza yale maji, na chumba kikapendeza kama hakijawahi kuwa na mtu ndani. Jirani alitusindikiza hadi barabarani. Alikataa kupanda nasi. Alisema yeye ni mutu wa maji, akiwekwa mulimani atakauka kama ndagala, na safari hii mama hakucheka.

Kule juu Bugarama hewa ni ya baridi, na watu walitupokea vizuri. Walitusalimu amahoro asubuhi, amahoro jioni, na mke wa mjomba akampa mama jembe jipya. Kutoka kwenye kiwanja chetu ziwa lote linaonekana: samawati, limetulia, limenyooka hadi milima ya Kongo, na kutoka umbali huo huwezi kuamini kwamba limemkosea mtu. Nyumba zote za huko zimegeuziwa mlango upande huo. Fundi alikuja, akapiga vigingi, akafunga kamba, akaonyesha mahali pa mlango.

"Hapana," mama alisema. "Mulango uweke kule."

Fundi alitazama alikoonyesha. "Kule ni mihogo tu, mama. Wageni wanapanda mpaka hapa kuja kuangalia hii ziwa."

"Basi waangalie."

Fundi alinitazama mimi, kama watu wanavyomtazama mtoto aliyesoma, wakitumaini atamrudisha mzazi wake kwenye akili. Nilimsogelea mama. Nilimuuliza, taratibu, kama amelichukia.

"Nilichukie?" Alishangaa kweli. Alikuwa amelipa ziwa mgongo, amekunja mikono kifuani, na viganja vyake, ambavyo sikuwahi kuviona bila magamba ya samaki, vilikuwa safi kabisa. "Nikiiona kila asubuhi nitashuka. Na nikishuka, nitatandaza wapi?"

Fundi aling'oa vigingi vyake, akavihamishia upande wa mihogo.