Mabati Yaliyogusana na Nyota Zisizozaliwa

Mtaa wetu wote wa Cimpunda ulijua, na mimi nilijua kuliko Cimpunda nzima, kwamba nyumba ambazo mabati yake yanagusana hukausha tumbo la mwanamke. Eti pumzi za majirani hunyonya mbegu. Mtu akiniuliza, "Na hawa batoto bote banatoka wapi?", maana walijaa kichochoroni hadi mbuzi wakakosa njia, nilimjibu kuwa mimba zao zilitoka kijijini, Luhwindja, wakati wa likizo.

Mimi na bibi yangu, mke wangu wa ndoa, hatukuwa na mtoto, na mabati yetu yaligusana na ya majirani pande zote. Yeye aliomba kitu kimoja tu: "Twende sisi wawili kwa munganga wa hospitali, tupimwe." Mimi nipimwe? Mwanaume mzima? Nilicheka hadi majirani nao wakacheka, bila kujua sababu.

Kisha, katika shule ya jioni, mwalimu wa fizikia akatufundisha galaksi, yale makundi makubwa mno ya nyota. Alisema galaksi zilizobanana na nyingine nyingi huzaa nyota chache; nyingi zimezeeka na kuwa nyekundu. Zilizo pembeni, zenye nafasi, bado huzaa nyota changa za buluu. Nusura nivunje dawati kwa furaha. Mbingu yenyewe ilikuwa upande wangu!

Wakwe walipokuja kuuliza habari za tumbo la binti yao, nilivaa abacost, ile suti isiyo na tai, nikamwita mwalimu awe shahidi, nikahubiri galaksi hadi bia ikapata moto. Nikamalizia kwa kuomba kiwanja kijijini, mahali pasipo jirani.

Baba mkwe akamgeukia mwalimu. "Prof, ni kweli?"

"Ya galaksi ni kweli, muzee. Kule kwenye msongamano zinanyang'anywa gesi, na nyota inatengenezwa na gesi. Lakini mutu hazai kwa gesi." Akanitazama. "Citoyen, ndugu mwananchi, bibi yako alishapimwa?"

Bibi yangu ndiye aliyejibu, macho kwenye mkeka. "Nilienda peke yangu. Munganga alisema niko muzima."

Nikafungua kola ya abacost. Hadi leo nikipita penye mabati yaliyobanana, uso unawaka. Nilitafuta galaksi ya kujificha, sikuiona.

"Basi mabati hayana kosa," mwalimu akasema. "Kesho uende wewe."